Telki

Mimi Somoe Likwati, fundi cherehani, sokoni Lindi,
miaka hamsini na mmoja, nyonga zinalia kama bawaba kavu,
nimekuja Mitwero kujifunza farasi.
Usiniulize kwa nini.

Akitembea, mimi ni malkia.
Akishika telki, tak-tak, tak-tak,
narushwa kama gunia la ufuta nyuma ya pikipiki,
meno yanagongana, mtandio uko shingoni mwa Bafta,
na mikono, bila haya, inaning'inia kwenye hatamu.

"Mama, hiyo si kamba ya kisima!"
Chinduli anafoka, mtoto wa juzi,
sare yake ya darasa la kwanza nilishona mimi.
"Kisigino chini. Macho mbele. Usimvute mdomo."

Usimvute.
Neno hilo nalijua. Nalisema kila siku
kwa wanagenzi wangu: usivute kitambaa,
sindano itakatika. Kiongoze tu,
meno ya cherehani yatakipeleka.
Na miguu: kisigino, vidole, kisigino, vidole,
huko juu kiuno hakina habari.

Basi nikaketi kama kwenye kigoda changu.
Nikalegeza vidole. Nikauacha mgongo wake
unipandishe, nikashuka bila pupa,
nikapanda, nikashuka,
mshono mmoja mrefu kando ya mikorosho.

Hatua kumi na nne. Nilihesabu.
Ya kumi na tano nikatazama chini
kuona kama kweli ni mimi.

Mchanga wa Mitwero, ukitaka kujua, ni wa moto.