Ukurasa wa Mia na Kumi na Mbili

Ijumaa, baada ya hesabu,
upepo wa Punta Arenas unagonga madirisha ya maktaba
kama mdai aliyechoka kuahidiwa.
Mjini wamefunga kamba kandokando ya njia, watu wasipeperuke.
Sisi wa darasa la saba tumeshikilia meza.

Bi Zlata ana sheria moja:
"Hakuna kusema 'kizuri'. Kizuri ni chai.
Niambieni kimewafanya nini."

Danitza anaanza, hata mkono hajanyoosha.
Ile filamu ya roboti aliyelea mapacha
ameitazama mara tatu: ya kwanza kwa ajili ya binamu yake,
ya pili kwa hasira.
"Roboti halii! Ni mafuta yanavuja, wao wanayaita machozi.
Wametutia kiinimacho mchana kweupe."
"Na mara ya tatu?" Baltazar anauliza.
"Mara ya tatu nililia. Nyamaza."

Baltazar, ambaye baba yake ana bucha,
hupima riwaya kwa mizani ya nyumbani.
Ile ya maharamia: "Mfupa mtupu hadi sura ya tisa,
kisha mnofu, mnofu, kisha mfupa tena.
Na tumeuziwa kwa bei ya maini!"
Bi Zlata anacheka, anajifanya anakohoa.

Millaray hataki mizimu inayobisha hodi.
"Mzimu mwenye adabu hivyo, kwetu
angepewa kisu na beseni la viazi amenye."

Zamu yangu, nikasifu kitabu kinene cha vita vya sayari
ambacho kwa wiki mbili kimezuia dirisha langu lisipigepige.
"Kinasisimua," nikasema. "Hasa mwisho."
"Mwisho upi?" Millaray hakuinua hata macho.
"Kurasa za mwisho zilichanika mwaka juzi.
Nilizichana mimi."
Njia ya mwongo fupi.
Yangu haikuvuka hata upana wa meza.

Halafu Yerko.
Yerko hasemi. Tangu Machi shule ilipofunguliwa
huketi ubavuni mwa kipasha joto, kofia imeshuka hadi kwenye nyusi.
Leo amesukuma mbele kitabu chembamba, jalada la kijivu,
kitabu ambacho hata vumbi limekisahau.
"Ukurasa wa mia na kumi na mbili," akasema.
"Una nini?"
"Ndio hapo."
Kengele ikalia.

Tulikigombea kwa karata, nikashinda.
Nilisoma nimesimama ngazini,
upepo ukitaka kufunua kabla yangu.
Hakuna upanga. Hakuna busu. Hafi mtu.
Mwanamume anaosha vikombe viwili,
anaviweka mezani,
anavitazama,
anakirudisha kimoja kabatini.
Aya inayofuata ni bei ya kuni.

Nikarudia kusoma.
Nikakumbuka jiko la kina Yerko, siku ya mvua ya mawe,
mama yake akitumiminia maziwa:
vikombe vya buluu, kimoja kimevunjika mkono,
na hicho ndicho alichojiwekea.

Ijumaa iliyofuata kilikuwa kwa Baltazar.
"Uzito?" Danitza akamchokoza.
Baltazar alitazama dirishani kitambo.
"Mizani imeharibika," akasema.

Kufika Juni kitabu kilikuwa na doa la siagi,
alama ya kidole, harufu ya bucha kidogo.
Ukikiangusha kilijifungua pale pale.
Na pembeni mwa mstari, kwa penseli hafifu,
mtu amechora kikombe.
Bi Zlata, anayetoza faini hata kwa nukta,
alikiona. Kifutio chake kilikuwa mkononi.
Akafunika kitabu, akakigonga muhuri, akampa anayefuata.

Siku hiyo Yerko alisogeza kiti,
si sana, upana wa begi.
"Ile filamu ya roboti," akasema, "ni upuuzi."
"Kwani umeiona?"
Akaivuta kofia.
"Mara nne."