Kauli ya Kutendua

Mwezi wa nane, miombo ikiwa haina jani,
alikuja Shija, mtoto wa fundi baiskeli,
na kopo la rangi nyekundu, brashi, karatasi yenye mhuri,
akachora X kwenye nyumba arobaini na moja
kuanzia nyuma ya karakana ya reli hadi kwa Bi Nyanso.
Alichora kwa adabu. Alibisha hodi kwanza.
Chini ya kila X akaandika BOMOA,
na kwangu rangi ikachuruzika hadi kizingitini;
nikaifuta kwa kandambili.

Siku thelathini, ilisema karatasi. Eneo limetengwa.

Sisi tuliobaki tulikuwa wabishi, au wazito, au hatukuwa na nauli.
Mimi nilisahihisha madaftari.
Bi Nyanso alipanda mchicha, makusudi, mbele ya X yake.
Lakini Mzee Kapaya,
aliyezipungia treni bendera pale stesheni miaka thelathini na mmoja
na hata siku moja hakuchelewa kuinua mkono,
alianza kubomoa siku ya tatu.
Mwenyewe. Kwa sururu yake.
Aliezua bati moja moja, akainyoosha misumari juu ya jiwe,
akaihesabu ndani ya kopo la maziwa ya unga.
Matofali aliyauza nusu bei.
Siku ya kumi na tisa walipanda lori la tumbaku
lililokuwa likirudi tupu Urambo:
yeye, mkewe, mlango wao wa mninga,
na mjukuu wao Mhoja,
ambaye kwenye daftari langu la mahudhurio ni namba kumi na saba.

Siku ya ishirini na sita ikapita pikipiki yenye kipaza sauti:
agizo limetenguliwa.
Bi Nyanso alikaa chini katikati ya mchicha.
Nami nilipiga kelele za furaha, sikatai.
Si jambo dogo, mkubwa kurudi nyuma.
Wangapi wamekalia kiti kile
ambao wangeona heri mtaa mzima uanguke
kuliko sahihi yao ipigwe mstari?

Kesho yake somo lilikuwa kauli ya kutendua.
Sikulichagua; ndipo kitabu kilipofika.
Nikaandika ubaoni:
funga, fungua
kunja, kunjua
fukia, fukua.
"Tenga," akasema mmoja kutoka nyuma, "tengua!"
Darasa zima likacheka, watoto wa nyumba zilizopona.
Mnaona, nikawaambia, lugha yetu ina huruma:
irabu mbili tu mwishoni, na jambo linarudi lilikotoka.

"Na bomoa, mwalimu?"

Jenga, wakadakia wengine.
Hapana. Jenga ni neno jingine kabisa,
lina udongo wake, lina kiuno chake kinachouma.
Bomoa lilikuja na mkia wake tayari.
Limekwisha kutendua,
na kile kilichotenduliwa
hakuna anayekumbuka kiliitwaje.
Nikawaambia tutaliendea Jumatatu.

Jumamosi Shija alirudi na ndoo ya chokaa.
Alibisha hodi. Alipaka kila X mara mbili.
Alipofika kiwanja cha Kapaya
alisimama, brashi inadondoka,
akitafuta ukuta.

Barua yenyewe niliisoma kwa mtendaji, Bwana Lugembe,
ikiwa chini ya kikombe chake cha chai.
Mistari minne. Ramani imepitiwa upya.
Wakazi waendelee na shughuli zao.
Nilitafuta neno pole, hata kwenye mhuri.
Nikamwuliza kama nakala imekwenda Urambo.
Alinitazama kwa muda,
akaondoa kikombe, akavuta kalamu.
"Urambo sehemu gani?"

Sikujua.

Kila asubuhi naita namba kumi na saba.
Nasubiri kidogo.
Kisha kumi na nane.