Fungu na Jiwe

Chaki imebaki kipande kama ukucha.
Nachora nchi yetu, sensa ya sabini na nane:
kitako kipana, fungu la dagaa pale Mwaloni,
watoto chini, watoto, watoto,
na juu kabisa, penye ncha,
kamstari ka wazee nisikoweza kukachora
bila kuvunja chaki.

Darasa lina watu tisini na wanne.
Wanne wamekalia dirisha.
"Na hii," nasema, "ni Japani ya leo."

Mkono unakwenda kinyume:
kiuno chembamba, mabega mapana.
Holo, ambaye hajasema neno tangu Januari,
anasema, "Mwalimu, hilo si Jiwe la Bismarck?"

Wanacheka. Nami nacheka, kisha nageukia ubao,
maana kweli ndilo:
jabali zima limekalia wembamba katikati ya maji,
na kila apitaye hujiuliza
litaanguka lini.

Nawaambia, halikuzaliwa jiwe.
Walikuwa fungu na wao. Italia, fungu.
Korea, fungu, juzi tu, bibi zao
mmoja mgongoni, mmoja mkononi, mmoja njiani.
Wafaransa waliuendea uzee kwa karne nzima na ushee,
kama mtu apandaye Bugando kwa miguu
akisimama kila kona kufuta jasho.
Wakorea walipanda bodaboda.

"Na sisi, Mwalimu?"
Kengele ikaniokoa.

Nyumbani Igogo, mama yangu, Nkwimba,
anapanga vidonge vya presha kwenye kifuniko cha chupa.
Alizaa tisa, akazika watatu.
Mimi nina watatu, wote wazima,
namshukuru Mungu, na sindano za kliniki.
Kabula, binti yangu, akiulizwa na mashangazi
hujibu, "Mmoja. Nikijaliwa nafasi."
Nafasi, anasema. Wenzake wa zamani
walikuwa wakijaliwa mtoto.

Tisa, watatu, mmoja:
somo lote limekaa kwenye mkeka wetu
linakula ugali na sato wa jana.

Mama hana pensheni. Pensheni yake ni sisi:
mmoja yuko Geita, shimoni,
mmoja Sengerema na madeni ya pamba,
mmoja hapokei simu mwisho wa mwezi.
Nimesoma kwamba wale wa mbali
walipata mali kwanza, ndipo mvi.
Sijasoma popote
habari ya wale ambao mvi zitawatangulia.

"Midomo inakucheza," Mama anasema. "Unahesabu nini?"
"Watu."
"Watu hawahesabiwi usiku.
Hesabu hivi. Hiki ni cha asubuhi au cha sasa?"

Namulika kwa simu.
Cheupe ni cha asubuhi.
Hiki cha waridi ni cha sasa, nusu tu,
nusu nyingine ni ya kesho.
Nakikata kwa ukucha,
naye anakinga kiganja.