Kosa la Unywele

Turku, Februari. Wino umeganda chupani.
Toini anaupasha kwapani, kisha anaandika:
miaka minne na miezi saba, mzunguko mmoja;
njia imeinama kidogo,
kama picha iliyotundikwa na mlevi.

Jiwe lenyewe hajaliona.
Ameona nukta kwenye kioo cha picha,
nukta iliyohama usiku wa pili
nyota zote zikiwa zimetulia.

Mwanga wake hupanda na kushuka
mara mbili kwa saa saba.
Basi si mviringo. Ni kiazi, anasema,
naye anamenya kiazi.
Cheusi kama masizi:
jua likilipa shilingi ya mwanga,
chenyewe hurudisha senti nne.

Mwaka wa pili aliahidi litakuwa hapa.
Halikuwapo.
Lilikuwa kando, upana wa unywele.
Akafungua daftari upya, kurasa arobaini,
hadi akamkuta mwizi:
Mshitarii, aliyempuuza
kwa kuwa yuko mbali,
kumbe hulivuta kila linapopita,
polepole, bila kuonekana mkono.

Mumewe, Oiva, aliuliza kama litatugonga.
"Halitujui," alisema,
akanyunyiza chumvi.