Fulana ya Luhwago

Luhwago hakuniuliza nina pesa ngapi.
Aliusukuma ufito kwenye dari la kibanda chake, Ngwazi,
akautazama unavyopinda
kama achaguaye mpini wa jembe.
"Huu mgumu, utamchana samaki mdomo.
Chukua huu, unajua kuinama."

Rili akaifungua kwa bisibisi ya cherehani.
Tope. Jani la chai, kavu.
Tone moja la mafuta, si mawili.
Akauzungusha mshipi, ukingoni akaacha upana wa ukucha:
"Usiushibishe, utacheua."

Leo ukungu umelalia bwawa.
Mshipi kidoleni;
samaki anaonja,
anaacha.

Narudi mikono mitupu.
Naifuta rili kwa fulana aliyoiacha msumarini,
inanuka bado mafuta yale,
kisha nalegeza breki,
nayo ilale.