Tofauti ya Saa Sita

Saa nne asubuhi nilizijeruhi.
Nilishika ncha ya pipeti, ile ya manjano,
nikaiburuta sakafuni mwa kila kisima, mara moja, bila kurudia,
kama mtu anayechora mpaka wa shamba mbele ya mashahidi.
Visima ishirini na vinne. Mkono usitetemeke.
Seli za ngozi zilizolala bega kwa bega
zikabaki kutazamana, ng'ambo na ng'ambo.

Kisha dawa.
Siyo dawa. Daktari Chelang'at hataki tuiite dawa.
Peptidi: asidi amino kumi na nane zilizoshikana mikono,
nakala ya jasho la chura wa Kinamasi cha Yala
anayelala katika maji ya kuoza na ngozi yake haiozi.
Husemwa kelele zake hazimzuii ng'ombe kunywa maji.
Sawa. Sisi hatukufuata kelele.

Safu ya kwanza, maji ya chumvi tu:
hiyo ndiyo itakayotuumbua tukidanganya.
Ya pili, tone. Ya tatu, zaidi.
Ya nne, kiasi kile kilichoua bakteria wote wiki jana
tukapigiana makofi.
Na zote tumezizuia kugawanyika,
ili kila seli itakayoonekana katikati
iwe imehama, si imezaliwa.

Adhuhuri: hakuna kitu.
Saa kumi: ukingo umelegea,
seli moja imenyoosha unyayo, ikasita,
ikaurudisha.

Saa mbili usiku umeme ukakatika Kisumu nzima.
Jenereta ikakohoa mara tatu kabla ya kukubali,
nami muda wote huo kiganja changu kilikuwa
kwenye mlango wa kabati la joto,
kama anayepima homa ya mtoto wa jirani.

Jirani.
Mama Nyagudi wa Obunga, mwenye nyumba wangu,
anakaanga mgongo wazi kando ya barabara.
Mwezi wa tatu mafuta yalimrukia kifundo cha mkono.
Masika imekuja, imeondoka,
kidonda bado kinalowesha kipande cha leso.
Kila nikipeleka kodi ananiuliza,
"Mpangaji, ile ya chura imefika wapi?"

Usiku wa manane nikafungua safu ya nne.
Seli zimekuwa duara kama punje za mtama, zinaelea.
Kilichofukuza wezi kimeua na wenye nyumba.
Nikaandika hivyo, kwa maneno ya kitaalamu.

Saa kumi alfajiri, safu ya pili:
mpaka haupo.
Nilifuta miwani. Nikatazama tena.
Zimekutana katikati, zimebanana,
huwezi kujua ipi ilitoka upande gani.
Juu ya paa kwarara wakaanza ugomvi wao
na sikuwa na mtu wa kumwambia
ila mlinzi Khatievi, aliyeniuliza kama nataka chai.

Nilitaka chai.

Saa nne asubuhi, safu ya kwanza ikaziba nayo.
Maji ya chumvi matupu. Hakuna chura, hakuna Yala.
Ngozi ilijua njia ya kurudi;
sisi tuliipunguzia tu mwendo wa saa sita.
Saa sita: jasho la mwaka mzima,
miligramu mbili za unga mweupe kwa bei ya ng'ombe wawili.

Nikaingiza namba katika jedwali.
Halafu, pembeni, kwa penseli,
yale ambayo kisima hakina:
damu. Usaha. Nzi.
Sukari asiyojua kama anayo.
Karai linalorudi motoni kesho kabla ya jua
kwa kuwa karo haingoji kovu.

Jioni nilipita Obunga.
Alinifungia samaki kwenye gazeti
kwa mkono wa kushoto, fundo likamshinda,
nikalimalizia mimi.
"Bado," nikasema, kabla hajauliza.
Akaongeza kipande kimoja juu,
bila kukihesabu.