Jicho la Kisogoni

Uxía ameniletea kisanduku
kisichozidi kipande cha sabuni,
akakifunga chini ya tandiko, palepale
ambapo mwendesha baiskeli hana anachokijua
ila maumivu.
"Ni rada, baba," aliandika kwenye simu akanionyesha,
maana kusema nami ni kupiga kelele,
na yeye amechoka kupiga kelele
tangu enzi za uhai wa mama yake.

Nilicheka. Miaka thelathini na minne nimepasua mawe
machimboni juu ya Casaio;
baruti ikachukua sikio la kushoto,
la kulia likafuata kama kondoo.
Nikamwambia: nyani hajaona kundule tangu dunia iumbwe,
na bado anafika kileleni.

Akaandika tena, neno moja:
Amaro.

Nikanyamaza.
Amaro alikuwa na masikio mawili mazima.
Aliusikia mto Sil ukinong'ona chini ya mizabibu,
alinisikia hata mimi nikimtania kwenye kona;
gari lile la umeme
hakulisikia.

Basi sasa kuna kioo kidogo usukanini.
Mimi niko juu kabisa, alama nyeupe,
na chini huzaliwa nukta:
gari, mita mia na arobaini nyuma yangu,
linapanda pembeni mwa kioo kama sisimizi ukutani.
Njano: sogea, mzee.
Nyekundu: huyu ana haraka zake.
Saa inatetemeka kwenye kifundo cha mkono,
nami najua, kabla ya upepo wa lori kunipiga bega,
kwamba lori lipo.
Kijani: barabara ni yako, imba.
Naimba. Sijisikii, lakini naimba.

Nisikipambe kwa sifa zisizo zake.
Mlevi na mkunga kwake ni nukta moja.
Hakina mkono wa kumshika dereva.
Hata shingo bado naigeuza:
niliyestaafu ni mimi, shingo haijastaafu.
Ila zamani niliigeuza kila baada ya nguzo tatu,
na kila nilipogeuka
baiskeli nayo iligeuka, ikinipeleka katikati ya njia,
kulekule nilikokuogopa.
Sasa naigeuza pale penye sababu.
Mabega yameshuka. Nimeanza kuona vitu:
mbwa wa Basilisa amelala juu ya kaburi la jirani,
mtu amepaka dirisha rangi ya samawati.

Novemba, mlima wa Sobradelo, ukungu mzito kama uji.
Nukta ikazaliwa. Ikapanda hadi katikati ya kioo,
ikakaa.
Haikupanda, haikushuka.
Nikasogea pembeni. Ikakaa.
Nikapunga mkono, pita basi! Ikakaa.
Kilomita mbili nzima, njano ileile,
moyo wangu ukigonga kuliko pedali,
nikimtukana kwa lugha zote mbili ninazozijua:
huyu ananiwinda?

Penye kibanda cha basi nilisimama, nikageuka.
Lori la mawe, tani ishirini na tano,
taa zake zote zikipepesa,
linatambaa nyuma yangu kama ng'ombe mwenye mimba,
na nyuma yake msururu wa magari
ambayo ukungu ungeyaleta mgongoni mwangu
moja baada ya jingine.
Usukanini binti wa Delmiro, yule mdogo, mwenye meno ya kupishana.
Akashusha kioo.
Midomo yake ikacheza, ikasema kitu, ikacheka,
kisha akaenda.

Sikukipata.

Usiku nimekichaji kisanduku jikoni, karibu na mkate.
Nimefungua droo ya chini, chini ya vijiko,
palipo na vile vidude vya masikio
alivyoninunulia Uxía mwaka juzi nikaapa sivivai.
Baiskeli yangu imekubali kusaidiwa;
mimi ni nani nizidiwe utu na baiskeli?

Betri zake, bila shaka, zimekufa.
Kesho nitashuka mjini kununua nyingine.
Kwa baiskeli.